Kadi na Cheti: Njia ya Mchezaji Gofu wa Chuo kutoka Tengeru

Kipande cha barabara ya Arusha–Moshi kati ya Tengeru na Usa River kimejaa vyuo. Tengeru kuna Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, inayotoa shahada za uzamili na uzamivu. Kuna Taasisi ya Maendeleo ya Jamii. Kuna chuo cha mifugo cha LITA. Kuna kituo cha utafiti wa mboga na matunda ambacho wenyeji bado wanakiita Horti. Patandi kuna chuo cha ualimu wa elimu maalumu, na Makumira kuna Chuo Kikuu cha Tumaini. Upande wa kusini wa barabara hiyohiyo, huko Dolly, kuna uwanja wa gofu wa mashimo 18, Kili Golf, uliochorwa na David Jones wa Ireland Kaskazini. Jones ndiye aliyeshinda Kenya Open mwaka 1989, na ndiye pia aliyechora uwanja wa Baobab kule Vipingo. Arusha mjini nako kuna Gymkhana, yenye umri mkubwa kuliko uhuru wetu.

Vyuo vipo, viwanja vipo. Lakini mchezaji gofu wa chuo, yaani kijana anayelipiwa masomo kwa sababu ya mikwaju yake, ni mtu ambaye wazazi wengi wa hapa hawajawahi kumwona, na wakielezwa habari zake wanadhani wanatapeliwa.

Maelezo ya haraka yanajulikana: gofu ni mchezo wa matajiri, basi. Ni kweli, ila ni ukweli mvivu. Riadha haikuwa mchezo wa matajiri na bado ni Watanzania wachache waliopanda kwa njia ya vyuo vya Marekani. Kwa maoni yangu kizuizi kikubwa ni karatasi. Kocha wa chuo hanunui kipaji. Ananunua karatasi mbili: rekodi ya mikwaju ya miaka miwili mitatu, na matokeo ya darasani. Mtoto wa Tengeru anaweza kuwa na mkono mzuri na kichwa kizuri, akazikosa karatasi zote mbili katika sura ambayo kocha wa Texas ataielewa kabla chai yake haijapoa.

Kwanza tuuangalie mchezo wenyewe ulivyo chuoni, kwa sababu picha iliyopo vichwani ni ya Tiger Woods akiwa na shati jekundu na mtu wa kumbebea mkoba. Mashindano ya vyuo vya Marekani huwekwa sana siku za Jumatatu na Jumanne, maana mwisho wa wiki viwanja vina wenyewe, wanachama wanaolipa ada. Jumapili timu inasafiri na kukagua uwanja. Jumatatu asubuhi wanaanza mashimo 36 kwa siku moja, mkoba begani, fimbo zisizozidi 14 ndani yake, bila kedi. Jumanne wanamaliza 18 ya mwisho na kurudi kwa basi usiku. Kila chuo kinaingiza wachezaji 5 na kila raundi zinahesabiwa kadi 4 bora. Mmoja akiharibu, wenzake wanamfunika. Wakiharibu wawili hakuna wa kuwafunika.

Jumatano asubuhi wako darasani, wamekwisha kukosa vipindi vya siku mbili. Hapo ndipo maisha ya kielimu ya mchezaji gofu yanapotofautiana na ya mwanariadha au mcheza kikapu. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo tangu 1906, kinasema msimu ukiwa umeanza mwanafunzi asizidishe saa 20 za mazoezi na mashindano kwa wiki, na apate siku 1 ya kupumzika. Kwenye karatasi inapendeza. Lakini siku ya mashindano, hata kijana akikanyaga majani saa 10, inaandikwa saa 3. Wakati huohuo anatakiwa kusonga na shahada yake: mwisho wa mwaka wa pili awe amekamilisha asilimia 40 ya masomo yanayohitajika, wa tatu 60, wa nne 80. Ukichanganya hayo mawili unaelewa kwa nini uhandisi na masomo ya maabara ni mzigo mzito kwa mchezaji gofu. Maabara ya Jumatatu mchana hairudiwi Alhamisi kwa sababu wewe ulikuwa unapiga mpira Alabama. Mzazi anayemwambia mwanawe, “Nenda kacheze, lakini urudi daktari,” ajue anaomba mambo mawili yanayovutana kamba.

Wachezaji wakubwa wenyewe hawajawahi kukubaliana kuhusu cheti. Bobby Jones alipata shahada ya uhandisi Georgia Tech mwaka 1922, akaongeza ya fasihi Harvard, akasoma na sheria, na hakuwahi kuwa mchezaji wa kulipwa. Mwaka 1930 alishinda mashindano yote manne makubwa ya wakati wake akiwa wa ridhaa. Tiger Woods alikaa Stanford miaka miwili, akachukua ubingwa wa vyuo 1996, akaondoka. Rory McIlroy alikubaliana na chuo cha East Tennessee State kisha hakukanyaga darasani. Rose Zhang alishinda ubingwa wa vyuo mara mbili mfululizo, 2022 na 2023, akaingia ulipwaji, akashinda shindano lake la kwanza, na bado akaendelea na masomo Stanford. Anayenivutia zaidi ni mwenzake wa chuo hichohicho, Rachel Heck, bingwa wa vyuo wa 2021. Mwaka 2024 alitangaza kwamba hataingia ulipwaji: anachukua kazi katika uwekezaji na cheo chake katika Jeshi la Anga. Kwa wapenzi wa gofu ilikuwa habari ya kusikitisha. Kwa mzazi wa Tengeru hiyo ndiyo habari njema kuliko zote, kwa sababu inaonyesha mfumo huu unachotoa hasa. Gofu ni nauli. Wanaofika kwenye mashindano makubwa ya kulipwa ni wachache mno. Wanaomaliza na shahada ni wengi.

Nauli hiyo nayo mara nyingi ni nusu nauli. Kwa miaka mingi chuo cha daraja la kwanza la NCAA kiliruhusiwa kutoa ufadhili kamili usiozidi 4.5 kwa timu nzima ya gofu ya wanaume na 6 kwa ya wanawake, na makocha wakaukatakata kama keki ya harusi. Mwanaume aliyetangaziwa kijijini kuwa “amepata skolashipu Marekani” aliweza kuwa amepata theluthi. Tuseme gharama ya mwaka ni dola 50,000 na kijana amepewa asilimia 40. Zinabaki dola 30,000, ambazo kwa shilingi ni zaidi ya milioni 70 kila mwaka kwa miaka minne. Hapo ndipo ndoto nyingi hufia, kimyakimya, baada ya sherehe ya kuagana. Juni 2025 mahakama ya Marekani iliidhinisha mapatano yaliyobadilisha hesabu hiyo: kwa vyuo vilivyojiunga nayo ukomo wa ufadhili umeondolewa, badala yake umewekwa ukomo wa idadi ya wachezaji, ambao kwa gofu ni 9. Chuo chenye pesa sasa kinaweza kuwalipia wote tisa. Chuo kisicho na pesa kinaweza pia kuamua gofu ni anasa. Na nafasi 9 ni chache kuliko zilivyokuwa kwenye baadhi ya timu, kwa hiyo kocha hana tena kiti cha “tumjaribu huyu”.

Sisi tumewahi kuwa na vijana waliofanikiwa kwa njia ya vyuo hivyo. Suleiman Nyambui, mtoto wa Majita, Musoma, alikimbilia Chuo Kikuu cha Texas pale El Paso. Alichukua ubingwa wa vyuo wa mita 10,000 mara 4 mfululizo kuanzia 1979, na katikati ya hapo, 1980, akaleta medali ya fedha ya mita 5,000 kutoka Olimpiki ya Moscow. Hasheem Thabeet alitoka Dar es Salaam akafika Connecticut, akacheza kikapu miaka mitatu, na mwaka 2009 akachaguliwa wa pili katika usajili wa NBA, mbele ya James Harden na Stephen Curry.

Watu hupenda kuwataja hao wawili na kuuliza, “Gofu inashindwa nini?” Swali zuri, ila jibu lake si la kutia moyo. Nyambui alihitaji saa ya mkononi. Muda wa mita 5,000 uliopimwa vizuri Dar es Salaam unasomeka El Paso bila mkalimani. Thabeet alikuja na urefu wa zaidi ya mita 2.1, na huo hauhitaji cheti. Alianza kikapu akiwa kijana mkubwa na bado akawahi. Gofu haina mlango wa namna hiyo. Hakuna kocha atakayemwona kijana wa miaka 17 akipiga mpira mmoja mrefu akasema ndiye. Mpira mmoja mrefu ni bahati. Kadi 40 ni mchezaji.

Aliye karibu zaidi na hadithi tunayoitafuta ni Mzambia, jirani yetu wa Tunduma. Madalitso Muthiya alikwenda Chuo Kikuu cha New Mexico, akacheza kwenye timu yao ya gofu, na mwaka 2006 akafuzu kuingia US Open pale Winged Foot, Mzambia wa kwanza kufika huko. Kilichomfikisha hakikuwa uzuri wa viwanja vya Zambia. Alipelekwa kwenye mashindano ya vijana Marekani mapema, kabla ya umri wa chuo, akapata kadi ambazo makocha wa huko wanazijua.

Basi turudi kwenye kadi. Katika gofu ya mikwaju hujiandikii mwenyewe. Mwenzako anaandika yako, wewe unaandika ya mwingine, na mkimaliza mnalinganisha shimo kwa shimo, mnatia saini wote wawili. Ukisaini shimo moja kwa namba ndogo kuliko uliyopiga, umeondolewa mashindanoni. Ukisaini kubwa kuliko halisi, inabaki hivyohivyo, imekula kwako. Ni utaratibu mkali unaoonekana wa kizamani, lakini ndio unaoifanya kadi ya Arusha iaminike Arizona. Tangu 2020 dunia inatumia mfumo mmoja wa handikapu: zinachukuliwa raundi zako 20 za karibuni na kuhesabiwa 8 zilizo bora, kwa kupima pia ugumu wa uwanja uliochezea. Kocha akiiona namba hiyo anajua pa kuanzia. Asipoiona, hata video nzuri vipi ni sinema tu.

Mtoto wa hapa raundi hizo 20 atazitoa wapi? Mashindano yetu mengi hupangwa kwa ajili ya wanachama wakubwa na wafadhili wao, na vijana hupachikwa pembeni. Mfululizo wa Lina PG Tour, uliopewa jina la marehemu Lina Nkya, umezungusha wachezaji wa kulipwa na wa ridhaa kwenye viwanja vya TPC Moshi, Morogoro, Arusha na Dar es Salaam, na umeleta kitu tulichokikosa: mashindano ya kalenda, yanayojulikana tarehe zake mapema, kadi za siku kadhaa mfululizo. Huo ni msingi. Mtoto wa kidato cha pili bado anahitaji ngazi ya chini yake.

Kuna na jambo la mwinuko, ambalo wachezaji wetu hulisahau wanapotuma barua. Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa nyepesi hubeba mpira mbali zaidi kwa asilimia chache. Kijana anayeandika kwamba anapiga mita 260 akipigia chini ya Mlima Meru, kocha wa Florida atazipunguza kichwani kabla hajamaliza sentensi. Afadhali aandike mwenyewe kwamba uwanja uko juu. Inaonyesha anajua mchezo.

Karatasi ya pili ni cheti, na hapa Mtanzania hayuko vibaya kama anavyodhani. NCAA kwa daraja la kwanza inataka masomo 16 ya msingi ya sekondari yenye wastani usiopungua 2.3, na tangu 2023 imeacha kudai mitihani ya SAT na ACT kwa ajili ya ustahiki, ingawa chuo chenyewe kinaweza kuidai. Masomo ya kidato cha kwanza hadi cha nne, pamoja na Kiingereza, Biolojia, Historia na Jiografia, yanaingia kwenye mahitaji hayo bila taabu kubwa. Shimo lililojaa mchanga ni Hisabati. Mwaka 2023 ni takriban robo tu ya watahiniwa wa kidato cha nne waliofaulu somo hilo, na mfumo wa Marekani unataka miaka mitatu ya kufaulu Hisabati. Nimewasikia walimu wa michezo wakisema Kiingereza ndicho kinachowaangusha vijana wetu. Kiingereza kinatibika kwa mwaka mmoja wa juhudi. F ya Hisabati ya kidato cha nne inakufuata mpaka ubalozini.

Kibaya kuliko alama ni kalenda. Mtihani wa kidato cha nne ni Novemba, matokeo Januari, kidato cha tano kinaanza Julai. Kidato cha sita wanafanya mtihani Mei na kupata matokeo Julai, na wengi wao, tangu utaratibu uliporejeshwa 2013, wanaitwa JKT kwa mujibu wa sheria katika miezi hiyohiyo. Chuo cha Marekani kinafungua Agosti. Kocha naye haanzi kutafuta Agosti. Kanuni zinamruhusu kocha wa daraja la kwanza kuzungumza na mchezaji kuanzia Juni 15 baada ya mwaka wa pili wa sekondari ya huko, yaani miaka miwili kabla ya chuo. Nafasi zinagawiwa wakati vijana wetu bado wako bwenini hawaruhusiwi simu. Kijana anayeanza kuandika barua baada ya matokeo ya kidato cha sita amefika stendi basi likiwa Chalinze.

Akisema atasubiri mwaka mmoja, anakutana na kanuni ya kuchelewa. NCAA inahesabu kuanzia tarehe ambayo mwanafunzi alitarajiwa kumaliza sekondari. Kwa gofu anapewa mwaka mmoja wa neema, na baada ya hapo kila mwaka anaoshiriki mashindano rasmi unaweza kumla msimu mmoja wa kucheza chuoni. Mizizi ya kanuni za aina hii inagusa watu wetu: miaka ya 1970 na 1980 zilikuwepo kelele nyingi Marekani kuhusu wanariadha wa Afrika Mashariki waliofika chuoni wakiwa watu wazima na kuwatimulia vumbi vijana wa miaka 18. Nyambui alizaliwa 1953. Pigeni hesabu wenyewe alikuwa na miaka mingapi alipoanza kushinda. Kwa hiyo swali la kwanza la kuwauliza NCAA, kwa maandishi, kabla ya jingine lolote, ni hili: kwa mwanafunzi wa Tanzania saa inaanza kuhesabu baada ya kidato cha nne au cha sita?

Sasa makedi. Ukienda uwanja wowote nchini utawakuta vijana wanaobeba mikoba, na baadhi yao wanapiga mpira vizuri kuliko wanaowabebea. Wameujua uwanja kwa miguu. Wanasoma mteremko wa nyasi kwa jicho moja. Mzee mwanachama anauliza, “Kijana, hapa nipige ipi?” naye anajibu, “Mzee, chukua saba, upepo unakuja,” na kweli upepo unakuja. Mkondo wao wa kawaida ni mmoja: wakiiva wanaingia ulipwaji, wanawania fedha za mashindano kwenye orodha ileile ya kina Nuru Mollel na Hassan Kadio. Siwezi kumlaumu kijana mwenye mama wa kulisha. Lakini lazima aambiwe kwamba siku anapoingia ulipwaji anafunga mlango wa chuo, au anaufanya mzito sana kuufungua tena. Kanuni za ridhaa zilizoanza 2022 zinamruhusu mchezaji wa ridhaa kuchukua zawadi hadi dola 1,000 bila kupoteza hadhi yake. Kwa mashindano yetu mengi kiasi hicho kinatosha kabisa. Mtu wa kumweleza hayo akiwa na miaka 15 ndiye anayekosekana, na klabu inayomtumia kubeba mikoba Jumamosi nzima ina deni hilo kwake.

Tusijidanganye pia kwamba uzio wa uwanja wa gofu ni uzio wa kawaida kwa Wameru wa hapa. Hawa ndio watu walioondolewa Engare Nanyuki mwaka 1951 kupisha walowezi, na mwaka uliofuata wakamtuma Kirilo Japhet mpaka Umoja wa Mataifa kudai ardhi yao. Babu aliyekua na habari hiyo anapoona nyasi zinamwagiliwa wakati mfereji wa migomba umekauka, hataki kusikia habari za ufadhili. Klabu zinazotaka watoto wa vijiji jirani zingeanza na maji kabla ya fimbo.

Kwa wasichana mambo yana nafuu, na ningekuwa na binti mwenye mkono wa gofu nisingesubiri. Sheria ya Marekani ya 1972 inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu ilivilazimisha vyuo kusawazisha nafasi za michezo, na kwa kuwa mpira wao wa miguu unameza idadi kubwa ya wanaume, timu za wanawake za gofu zikapewa ufadhili mwingi kuliko za wanaume. Zile namba 6 kwa 4.5 zimetoka huko. Isitoshe, Arusha ina historia nzuri zaidi ya wanawake kuliko ya wanaume katika mchezo huu: Madina Iddi na Neema Olomi ni majina ambayo wapinzani wa Kenya na Uganda wanayajua kutoka kwenye mashindano ya wazi ya wanawake. Nairobi, Rose Naliaka, baada ya kucheza miaka mingi, alianzisha akademia ya gofu kwa wasichana. Msichana wa Patandi ana wa kumwangalia. Kaka yake anaangalia televisheni.

Yote haya niliyoyaeleza yamepata kigingi kipya. Desemba 2025 Marekani ilitangaza vikwazo vya viza vinavyoigusa Tanzania, na Zambia pia, vikiwemo vya viza za wanafunzi. Tamko la aina hiyo huja na huenda, na lina misamaha yake, lakini familia inayopanga miaka mitatu mbele haiwezi kulichukulia kama mvua ya kupita. Kuna njia nyingine. St Andrews na Stirling kule Scotland ni vyuo vikuu vyenye timu za gofu zinazoheshimika na vinatoa ufadhili wa michezo, japo si mnono kama wa Marekani, na ratiba yao ya masomo haimtesi mchezaji kwa kiasi kile. Afrika Kusini ni karibu na nauli yake ni ndogo. Vyuo hivyo vyote vitauliza zilezile karatasi mbili.

Nyumbani nako serikali hulipia kichwa, hailipii mkono. Samia Scholarship, iliyoanza mwaka wa masomo 2022/23, inawachukua waliofanya vizuri zaidi sayansi kidato cha sita. Mkopo wa Bodi ya Mikopo unaangalia hali ya familia na fani. Hakuna sehemu ya fomu ya kuandika handikapu. UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, inaishi kwa mpira wa miguu, netiboli, wavu, kikapu, mikono na riadha, na fedha kubwa za michezo Arusha kwa sasa zinamiminika kwenye uwanja wa AFCON 2027. Sioni ubaya wowote. Ila kwa miaka michache ijayo mchezaji gofu wa chuo hatatengenezwa na wizara.

Watu wa Tengeru wana faida moja ambayo sijaona ikizungumzwa. Tunapofikiria masomo ya mchezaji gofu tunawaza biashara na mawasiliano, kwa sababu ndiyo Wamarekani wengi wanayoyachukua. Lakini gofu ni kilimo. Uwanja wa mashimo 18 ni shamba la nyasi linalokatwa kwa milimita, lina magonjwa yake, udongo wake, hesabu yake ya maji. Penn State na Michigan State zinafundisha sayansi ya nyasi za viwanja kama fani kamili, na mhitimu wake anahitajika kwenye viwanja vya gofu, vya mpira, vya hoteli. Binti aliyekulia jirani na Horti, ambaye mjomba wake anafundisha malisho LITA, ameanza somo hilo kabla hajalijua jina. Akipeleka kadi za mikwaju 76 na 78 pamoja na barua inayosema anataka kusomea nyasi, anakuwa mwombaji tofauti na wale mia waliosema wanataka biashara. Shahada hiyo ina kazi ya kurudia hapa hapa, kwenye viwanja vinavyojengwa kwa ajili ya AFCON na vya hoteli za pwani na Zanzibar, hata kama hakupata kuingia mashindano ya kulipwa siku moja.

Shule zinafunga Juni na Desemba. Raundi 20 zinaingia katika likizo hizo mbili, 10 na 10, siku za katikati ya wiki ambapo viwanja havina msongamano. Zinahitaji klabu iwaruhusu watoto kumi wenye barua ya shule waingie kwa ada ndogo, itunze fimbo za mitumba za kuazima, na imtoe mwanachama mmoja anayejua kanuni wa kukaa mezani kupokea kadi, kuzikagua saini na kuziingiza kwenye mfumo jioni ileile. Mwalimu wa taaluma anaweka faili la masomo 16 tangu kidato cha kwanza na kumsimamia kila mtoto kwenye Hisabati. Nauli ya daladala kutoka Tengeru hadi Usa River mzazi ataimudu.